KAMERA MPYA ZA FILAMU: IPI BORA, NA KWA NANI?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Sote twapenda filamu. Tunazitazama kwa jirani, kwenye matatu na kwenye simu za kaka zetu. Tunacheka, tunalia, halafu tunakwenda kulala. Ni wachache wanaojiuliza picha zile zilinaswa na chombo gani. Mimi nami sikuwa nimejiuliza hadi siku ile filamu ya chama chetu ilipoonyeshwa ukumbini mwishoni mwa muhula wa kwanza.

Wengi wenu mlikuwepo, kwa hivyo sina haja ya kuficha. Filamu ilikuwa ya dakika nane na tuliipiga kwa simu. Katika onyesho la tatu, mama ameketi darasani (sisi tulisema ni sebule) akimngoja mwanawe aliyetoroka nyumbani. Mwenzetu wa kidato cha pili aliyeigiza mama huyo alilia machozi ya kweli siku ya kurekodi. Mwalimu mlezi mwenyewe alivua miwani akapangusa macho. Lakini siku ya maonyesho, ukutani tuliona dirisha jeupe pe, na mbele yake kivuli cheusi kisicho na macho wala mdomo. Mtu mmoja huko nyuma akauliza kwa sauti, "Huyo ni mama ama ni pazia?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenzetu aliinuka polepole akatoka nje. Mkutano uliofuata hakuja, na uliofuata huo pia hakuja.

Katika mkutano huo lawama zote ziliangukia simu. Chama kina shilingi 41,350 tulizopata kwa kuuza mandazi na kuosha magari ya walimu. Wengine walitaka tununue kamera mara moja. "Tununue ya 4K!" akasema mmoja. "4K ni ya zamani, siku hizi ni 8K," akajibu mwingine, na kelele zikaanza. Mwishowe mwenyekiti akaamua kwamba mtu mmoja achunguze kamera wanazotumia watengenezaji filamu wakubwa duniani, azilinganishe, kisha aandike makala katika jarida hili. Mtu huyo alikuwa mimi. Naam, haya ndiyo niliyoyapata.

TULIKOTOKA

Kwa muda wa karibu karne moja, filamu zilipigwa kwa utepe wenye kemikali. Utepe huo ulisafishwa gizani kama picha za studio za zamani, na kosa lako ulilijua baadaye, pesa zikiwa zimekwisha kutumika. Kamera ya kidijitali haina utepe. Ndani yake mna kipande kidogo kiitwacho kihisi. Mwanga ukipita kwenye lenzi hukigonga kihisi, nacho huugeuza kuwa umeme, umeme ukageuzwa kuwa tarakimu.

Mwaka 2002 George Lucas wa Marekani alitoa filamu ya Star Wars: Attack of the Clones iliyopigwa yote kwa kamera ya kidijitali ya Sony. Wazee wa sinema wengi waliguna. Miaka michache baadaye, filamu ya Slumdog Millionaire ya mwaka 2008, ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa kidijitali katika mitaa ya Mumbai, ilishinda tuzo ya Oscar ya upigaji picha. Tangu hapo mlango umefunguka. Leo filamu nyingi ni za kidijitali, ingawa wapo wanaoshikilia utepe bado. Kwa mfano, Oppenheimer ya mwaka 2023 ilipigwa kwa utepe, nayo ikanyakua tuzo hiyo hiyo.

HIZI "K" NI NINI?

Picha ya kidijitali ni kama kazi ya shanga. Ukiitazama kwa mbali waona ua au simba. Ukiisogelea waona ushanga mmoja mmoja, mwekundu, mweupe, mweusi. Kila ushanga wa picha huitwa pikseli. K maana yake ni elfu, na huhesabu pikseli kwa upana wa picha. Fremu kamili ya 4K ya sinema ina pikseli 4,096 kwa upana na 2,160 kwa kimo. Ukizidisha unapata 8,847,360. Ya 8K ina 8,192 kwa 4,320, yaani 35,389,440. Ona basi: K zimeongezeka mara mbili tu, lakini shanga zimeongezeka mara nne.

Kwa upande huu mashindano ni makali. Mwaka 2021 kampuni ya RED ya Marekani ilitoa V-Raptor ya 8K, na mwaka uo huo Sony ya Japani ikatangaza Venice 2 yenye 8.6K. Mwaka 2024 Blackmagic Design ya Australia ilitoa URSA Cine yenye 12K. Halafu kuna kampuni ya ARRI, iliyoanzishwa mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1917. Mwaka 2022 ARRI ilitoa kamera yake mpya, Alexa 35. Ina K ngapi? 4.6 tu! Nayo ni ghali kuliko nyingi zenye K zaidi. Je, Wajerumani walilala?

La hasha. Alexa ya kwanza ilitoka mwaka 2010 na haikufika hata 3K. Hata hivyo ndiyo iliyotumiwa kupiga Life of Pi ya mwaka 2012, ambayo ilipata Oscar ya upigaji picha. Skyfall ya James Bond ya mwaka huo huo pia ilipigwa kwa Alexa. Hakuna mtazamaji aliyetoka sinema akilalamika kwamba K zilikuwa haba.

Sisemi kwamba K hazina kazi. Mtu akitaka kukata kipande cha picha na kukikuza, au kuchanganya picha na ujanja wa kompyuta, pikseli nyingi humsaidia. Isitoshe, wanunuzi wengine wana masharti. Netflix hutaka kihisi cha 4K halisi kwa filamu nyingi inazoziagiza yenyewe, na kwa sharti hilo Alexa za mwanzo zilifungiwa nje pamoja na tuzo zao. Mwaka 2018 ARRI ilileta Alexa LF yenye 4.5K. Kwa hivyo K ni kama urefu wa mchezaji wa mpira wa vikapu. Unafaa, lakini peke yake haufungi mabao.

MWANGA NDIO MZEE WA KAZI

Nina mjomba anayepiga video za harusi mjini. Jumamosi moja nilikwenda kwake na daftari langu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Leo umekuja na daftari, kuna nini?"

"Mjomba, kamera yako ni K ngapi?"

Alicheka hadi akakohoa. "Hakuna bwana harusi amewahi kuniuliza hiyo. Wao huniuliza kitu kimoja tu: mbona rinda la bi harusi halina maua, na mbona suti yangu ni kama shimo?"

Kisha akanieleza. Harusi zetu nyingi hufanyika mchana, jua la utosi. Bi harusi amevaa rinda jeupe lenye maua ya kushonwa. Bwana amevaa suti nyeusi. Ukiifungua lenzi uione suti, rinda linakuwa taa tupu, maua yote yamepotea. Ukiifunga uyaone maua, suti inakuwa giza tupu na nyuso zinafuata huko huko. Jicho la mwanadamu huona vyote viwili. Kamera hafifu huchagua kimoja.

Uwezo wa kamera kuona penye mwangaza na penye giza kwa wakati mmoja hupimwa kwa hatua, na wapiga picha huziita stopu. Stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu. Stopu mbili ni mara nne, tatu ni mara nane, na kuendelea. Hesabu hii mwalimu wetu wa hisabati angeipenda, kwa sababu hupanda haraka. Stopu 13 ni mara 8,192. Stopu 17 ni mara 131,072. Tofauti ya 13 na 17 yaonekana ndogo, kumbe ni mara 16!

Sasa tulinganishe. Blackmagic Pocket 4K ya mwaka 2018 hutajwa kuwa na stopu 13. Venice 2 hutajwa kuwa na 16. Alexa 35, ile yenye K chache, hutajwa kuwa na 17. Hapo ndipo utaona Wajerumani walitia pesa zao wapi: katika mwanga. Lakini tahadhari, msomaji. Takwimu hizi hutolewa na wauzaji wenyewe, na kila mwamba ngoma huvutia kwake. Kampuni moja huhesabu hata kile kilicho gizani kimejaa chenga, nyingine hukiacha. Mjomba asema njia ya kweli ni kuziweka kamera mbili mbele ya dirisha moja na mtu mmoja, kisha ukatazama.

Aliposema dirisha nilishtuka. Mama yetu wa filamu alikaa wapi? Mbele ya dirisha! Simu ilikuwa imechagua dirisha ikamwacha mtu.

Jambo hili lina historia inayotugusa sisi weusi. Zamani za utepe, kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za picha kadi yenye picha ya mwanamke mzungu ili wazitumie kusawazisha rangi. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Picha ikimpendeza Shirley, basi mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Watu weusi walipopigwa picha pamoja na weupe, mara nyingi walitoka meno na macho tu. Malalamiko yaliyosikizwa zaidi, kwa mujibu wa waliofanya kazi huko, yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi zao za kahawia zitofautike! Siku hizi kamera zimeendelea mno, na ngozi nyeusi hutoka ikimeremeta mpiga picha akijua kazi yake. Hata hivyo, nikiulizwa swali la kwanza la kuuliza kuhusu kamera, sitasema K. Nitasema: je, itauona uso wa mtu wetu penye mwanga wetu?

USIKU NA MWENDO

Baada ya mchana kuna usiku. Kila kamera ina kiwango cha msingi cha kuhisi mwanga kiitwacho ISO. Ukikipandisha kupita kiasi picha inajaa chenga kama redio mbovu. Kamera kadhaa za siku hizi zina viwango viwili vya msingi. Venice 2 ina 800 na 3,200. Sony FX3, kamera ndogo ya mwaka 2021 isiyofika kilo moja, ina 800 na 12,800. Canon C400 ya mwaka 2024 ina vitatu: 800, 3,200 na 12,800. Kwa lugha rahisi, kamera kama hizi zaweza kupiga onyesho lenye taa hafifu bila kuleta malori ya taa na jenereta.

Si maneno matupu. Filamu ya The Creator ya mwaka 2023 ilipigwa kwa FX3 hiyo hiyo, ambayo ilipotoka bei yake ilikuwa chini kidogo ya dola 4,000. Wengi walipiga kelele: "Kumbe kamera ya kawaida inatengeneza filamu ya Hollywood!" Kweli, lakini wasisahau kutaja kwamba filamu yenyewe iligharimu takriban dola milioni 80. Kamera ilikuwa ndogo, lakini lenzi, mafundi na miezi ya kazi ya kompyuta haikuwa midogo.

Kisha kuna mwendo. Vihisi vingi husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, kama sisi tusomavyo ukurasa. Matatu ikipita kasi, kihisi kikifika chini gari limekwisha kusonga, hivyo huonekana limeinama kama mlevi. Kamera nyingine husoma mistari yote kwa mara moja. RED Komodo ya mwaka 2020 hufanya hivyo, na V-Raptor X ya mwaka 2024 pia. Anayepiga mbio za magari au mapigano atalijali jambo hili. Anayepiga mama akingoja mwanawe hatalijali.

Umbo nalo lina maana. Katika Top Gun: Maverick ya mwaka 2022, kamera sita za Sony Venice zilipangwa ndani ya chumba cha rubani wa ndege ya kivita. Liliwezekana kwa sababu kihisi cha Venice chaweza kutengwa na mwili wa kamera na kuunganishwa kwa waya. Hapo hawakuchagua kamera yenye K nyingi zaidi. Walichagua inayoingia.

PICHA HULA NAFASI

Hapa ndipo wenzangu wa 8K watanisamehe. Tufanye hesabu. Fremu ya 4K ina pikseli 8,847,360. Tuseme kila pikseli huandikwa kwa biti 12 bila kubanwa. Fremu moja itakuwa karibu megabaiti 13. Sinema hupita fremu 24 kwa sekunde, hivyo sekunde moja ni karibu megabaiti 318. Dakika moja ni gigabaiti 19. Memori kadi ya gigabaiti 64 ingejaa kwa dakika tatu na sekunde ishirini hivi. Na hiyo ni 4K. Kwa 8K zidisha kwa nne, utajaza kadi kabla mwigizaji hajamaliza kusalimiana.

Ndiyo maana kila kamera ina mfumo wa kubana picha, na ndiyo maana URSA Cine 12K ilipotoka iliuzwa ikiwa na hifadhi yake ya terabaiti 8 ndani. Kubana ni kama kufunga nguo ndani ya sanduku. Fundi hukunja, limbukeni hukanyaga. Simu nyingi hukanyaga. Zaidi ya hayo, picha ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, ya biti 10 ina 1,024, na ya biti 12 ina 4,096. Ukipiga mbingu za jioni kwa biti 8 kisha ukageuza rangi kwenye kompyuta, mbingu hutoka michirizi kama ngazi. Kwa biti 10 huteleza vizuri. Kwa maoni yangu, 4K ya biti 10 ni bora kuliko 8K iliyokanyagwa.

BEI

Mkono mtupu haulambwi, hivyo tuzungumze pesa. Nimehesabu dola moja kwa shilingi 130, na bei ni zile za siku kamera zilipotoka, kabla ya usafiri na ushuru.

Blackmagic Pocket 4K ilitoka kwa dola 1,295, sawa na shilingi 168,350. Nikon ZR ya mwaka 2025 ilitoka kwa takriban dola 2,200, yaani shilingi 286,000. Hii yafaa kuangaliwa, kwa sababu mwaka 2024 Nikon ya Japani iliinunua kampuni ya RED, na ZR ni matunda ya ndoa hiyo. Ni kamera ndogo ya 6K inayorekodi kwa mfumo uliotokana na wa RED. FX3 ni karibu shilingi 520,000. RED Komodo ilikuwa karibu dola 6,000, yaani shilingi 780,000. URSA Cine 12K ilikuwa karibu dola 15,000, sawa na shilingi 1,950,000. Alexa 35 na Venice 2 ni makumi ya maelfu ya dola, na hata huko Hollywood watengenezaji wengi huzikodi kwa siku au kwa juma.

Na bado hujapata lenzi! Kamera bila lenzi ni jicho bila mboni. Ongeza betri, kadi, stendi ya miguu mitatu, maikrofoni na kompyuta yenye nguvu ya kuhariri. Mjomba ana msemo wake: "Kamera ni mahari, lakini vifaa ni ndoa."

IPI BORA, NA KWA NANI?

Ukinishurutisha nitoe hukumu, nitasema hivi. Mwenye filamu kubwa, jua kali na nyuso za rangi mbalimbali, akodi Alexa 35. Mwenye kazi za ujanja wa kompyuta au nafasi finyu, Venice 2 au V-Raptor X itamfaa. Mwenye kupiga usiku na kikosi kidogo, FX3 au C400. Kijana anayeanza kazi ya kulipwa, anayetaka rangi nzuri kwa pesa kidogo, aangalie Pocket 4K au Nikon ZR. Faida moja zaidi ya Blackmagic ni kwamba kampuni hiyo hutoa programu ya kuhariri, DaVinci Resolve, yenye toleo la bure.

Lakini kuna mtu mmoja aliyenifanya nifikiri upya. Ni Anthony Dod Mantle, mpiga picha wa Slumdog Millionaire niliyoitaja. Mwaka 2002, yeye na mwelekezi Danny Boyle walipiga 28 Days Later kwa kamera ndogo ya video ya Canon XL1. Mwaka 2025 walitoa 28 Years Later, na safari hii kamera yao kuu ilikuwa simu ya iPhone 15 Pro Max iliyofungwa lenzi na vifaa vingi, na mahali pengine walipanga simu 20 pamoja. (Filamu zenyewe ni za kutisha na za watu wazima. Mimi nimesoma habari za utengenezaji wake tu, Mwalimu usiniite ofisini.) Mtu huyo ana Oscar nyumbani. Angeweza kupata kamera yoyote. Yeye huuliza kwanza hadithi inataka nini.

Hata hapa kwetu tunao mfano. Filamu ya Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoelekezwa na Likarion Wainaina, ni hadithi ya msichana mgonjwa apendaye mashujaa wa sinema, na kijiji kizima kinajitolea kumtengenezea filamu awe shujaa yeye mwenyewe. Wanakijiji wale hawakungoja 8K. Walikuwa na mtoto wa kuonwa, wakamwona.

SISI JE?

Nilirudi kwa mjomba na swali la mwisho. "Mjomba, tuna shilingi 41,350. Tununue kamera gani?"

"Wewe unataka kununua kamera ama unataka kutengeneza filamu?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia, "Hizo pesa hazitoshi kamera inayoishinda simu yenu kwa mbali. Lakini zatosha maikrofoni, stendi na kitambaa cheupe. Na ule upande wa dirisha, geuzeni kiti."

Geuzeni kiti! Jumamosi iliyofuata tulikwenda darasani wanachama wanne. Nilikuwa nimemwomba mwenzetu yule wa kidato cha pili aje. Alikataa mara mbili, ya tatu akaja, akasimama mlangoni na mkoba mgongoni kama mtu wa kuondoka. Tuliligeuza benchi ili dirisha liwe ubavuni mwake, si nyuma yake. Upande wa pili mmoja wetu akashika manila mbili nyeupe zilizounganishwa kwa gundi, mwanga ukarudi shavuni. Kisha tukagusa uso wake kwenye kioo cha simu na kushikilia hadi mwanga ukafungwa hapo, usihangaike tena na dirisha. Ni simu ile ile. K ni zile zile.

Akaigiza. Hakulia kama mara ya kwanza, alitazama mlango tu na kumeza mate. Tulipomwonyesha picha alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe nina kovu hapa." Lilikuwa kovu dogo juu ya nyusi, ambalo sisi tunaokutana naye kila siku hatukuwa tumeliona. Akairudia picha mara tatu. Alipoondoka aliuliza mkutano ujao ni saa ngapi.

Kwa hivyo pendekezo langu kwa chama ni hili. Tusinunue kamera mwaka huu. Tununue maikrofoni, stendi na kitambaa cha kurudisha mwanga. Kitakachobaki tukiweke akiba, kwani haba na haba hujaza kibaba, na siku tukihitaji kamera kubwa tutaikodi kwa siku moja kama wafanyavyo wakubwa. Anayepinga aje mkutanoni na hoja zake, wala asije na K peke yake.

Nao waliocheka siku ile, nawaalika muhula ujao ukumbini. Onyesho la tatu tumelipiga upya. Safari hii mtamwona mama.

Wino wanikaukia. Wasalaam.